Chumvi yako ina madini joto, lakini umeiweka wapi?

Mzazi, hebu angalia chumvi ya nyumbani kwako iko wapi. Kama imekaa kwenye kopo lisilo na mfuniko, pembeni ya mafiga, huenda watoto wanakula chumvi iliyokwisha kupoteza madini joto.

Madini joto ni iodini. Waliosoma kemia wataikumbuka kwenye kundi la halojeni, pamoja na klorini ya kutibu maji. Hata taa za halojeni za magari huwekewa iodini au bromini kidogo ndani. Mwilini, tezi ya shingo huitumia kutengeneza homoni zinazokuza ubongo wa mtoto tangu akiwa tumboni. Mjamzito anahitaji mikrogramu 250 tu kwa siku, lakini zikikosekana mimba inaweza kutoka, au mtoto akazaliwa na akili iliyodumaa. Watu huona goita shingoni. Mimi linalonitisha zaidi ni hilo la ubongo, maana halionekani.

Milimani kama huku Upareni, mvua za miaka mingi huondoa iodini kwenye udongo, na mazao hukua nayo kidogo. Walio chini Jipe watasema wana samaki. Ni kweli, ila wenye iodini nyingi ni samaki wa baharini, si wa ziwani. Tegemeo letu ni chumvi.

Halafu kuna muhogo mchungu. Usipoandaliwa vizuri hubaki na sianidi, ambayo mwili huigeuza kuwa thiosianati. Wanakemia huiweka kwenye kundi la halojeni bandia, kwa sababu tabia zake zinafanana na za halojeni. Hiyo hugombea na iodini mlango uleule wa kuingilia kwenye tezi. Iodini ikiwa ya kutosha, madhara ni madogo. Ikiwa haba, tezi hubaki na njaa. (Wavuta sigara nao wana thiosianati nyingi mwilini.) Simkatazi mtu muhogo: menya, loweka siku kadhaa, anika ukauke kabisa. Tarime mwaka 1985, wakati wa ukame, muhogo ulioandaliwa harakaharaka uliwaacha watu wamepooza miguu.

Dukani, chagua pakiti iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Nyumbani ifunike, mbali na moto, jua na unyevu. Usizidishe kiasi, shinikizo la damu lipo. Mtoto akivimba shingo, mpeleke zahanati.

Na makande? Acha yaive kwanza, chumvi utie mwishoni.