Siri ya Mtu Isiwe Siri ya Mlango

Februari 2024, pombe yenye sumu iliua watu zaidi ya kumi katika kijiji cha Kangai, Kaunti ya Kirinyaga. Mwezi uliofuata, Kithure Kindiki, wakati huo Waziri wa Usalama wa Ndani, alitangaza hatua 25 za kupambana na pombe haramu na dawa za kulevya, ikiwemo kusimamisha leseni za watengenezaji wa pombe kali ya bei nafuu. Wakenya walikuwa wameyaona hayo tangu 2015, mapipa yalipomwagwa na maghala kuvamiwa katika eneo la Kati. Ulevi haukwisha. Operesheni humnyang'anya mnywaji chupa ya leo, lakini haimwelekezi pa kwenda jioni kiu itakapomrudia.

Utafiti wa 2022 wa Nacada, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulionyesha kuwa mtu mmoja kati ya kila 20 wa umri wa miaka 15 hadi 65 nchini Kenya ana uraibu wa pombe. Hakuna idadi ya vitanda itakayowatosha wote, na gharama ya kulazwa kwenye kituo cha kurekebisha tabia humshinda kibarua hata kabla hajauliza njia. Hata aliyelazwa hutoka siku moja, akarudi kwenye mtaa uleule na marafiki walewale.

Ndiyo maana mikutano ya waraibu wanaosaidiana ina uzito mkubwa kuliko tunaoipa. Kikundi cha aina hiyo, Alcoholics Anonymous, kilianzishwa 1935 mjini Akron, Marekani, na wanaume wawili walioshindwa kuacha pombe kila mmoja peke yake: Bill Wilson, dalali wa hisa, na Dkt. Bob Smith, daktari wa upasuaji. Hakuna ada wala fomu, na sharti ni moja tu: kutaka kuacha kunywa. Anayeingia huwasikiliza watu waliopita alipopita, na akipenda hupata mlezi wa kumpigia simu usiku wa manane.

Je, inafaa? Mapitio ya 2020 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya tafiti 27 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yalikadiria kuwa baada ya mwaka mmoja, watu 42 kati ya 100 waliounganishwa na vikundi hivyo kwa mpango maalumu walikuwa hawanywi kabisa, dhidi ya 35 kati ya 100 waliopata tiba nyingine. Neno la kushikilia hapo ni kuunganishwa. Hawakuambiwa tu kwamba mikutano ipo. Mtaalamu aliwaandaa, akawaelekeza na kuwafuatilia.

Kwetu mambo ni kinyume. Mikutano ipo Nairobi, Mombasa na kwingineko, lakini anayeipata kwa urahisi ni mwenye simu ya intaneti na anayejua Kiingereza. Mnywaji wa chang'aa kijijini hajawahi kuisikia. Wengine hutetea ukimya huu kwa kusema vikundi hivi vimejengwa juu ya usiri. Ni kweli, na usiri huo lazima ulindwe: bila huo, mwalimu au askari hatafungua kinywa. Lakini siri ni ya mtu na ya maneno yake. Mahali, siku na saa ya mkutano si siri ya yeyote.

Kuna pingamizi zito zaidi: kijijini kila mtu anajulikana, hivyo kuonekana mlangoni ni kujianika. Tujiulize kinachoogopwa ni nini. Anayepepesuka njiani saa tano usiku hana siri iliyobaki kuhusu kunywa kwake. Anachohofia ni kuonekana akijaribu kuacha, kisha ashindwe mbele ya watu. Mwanamke anayekunywa akiwa amejifungia chumbani, au Mwislamu wa pwani ambaye hata kukiri kwamba anakunywa ni fedheha, ana hofu kubwa zaidi. Jibu ni kuchagua ukumbi kwa busara: zahanati, ambako watu huenda kwa sababu mia moja, badala ya jengo ambalo kila aingiaye anajulikana amefuata nini. Wanawake wapewe siku yao. Anayeogopa zaidi aanze kwa simu, au aende kata jirani.

Zahanati ina faida nyingine. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu akikata pombe ghafla anaweza kupata degedege au kuchanganyikiwa kiasi cha kuhatarisha uhai, hasa katika siku chache za mwanzo. Huyo anahitaji mhudumu wa afya kwanza, mkutano baadaye.

Serikali nayo ijue mpaka wake. Chifu akianza kuwaswaga walevi mkutanoni na kuita majina, mkutano umegeuka baraza na hakuna atakayesema kweli. Kazi ya serikali ni kutoa chumba, kubandika tangazo la Kiswahili na la lugha ya mama, na kukaa mbali. Nambari ya bure ya Nacada, 1192, imjibu mpigaji kwa kumtajia mkutano ulio karibu naye na saa unapoanza. Kila kaunti inaweza kuanza na zahanati ilizo nazo.