Shosho ni yeye, pesa ni yangu?

Wasee, leo najishtaki mwenyewe. Vidio yangu iliyotazamwa kuliko zote si yangu. Ni ya sista yangu mdogo, ako na miaka minane, ile anaiga shosho akiongea na simu kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. Mimi nilishika kamera tu. Duka moja la viatu likatuona, likanilipa tuwatangazie. Juzi akaniuliza, smokie mdomoni, "Walikupea ngapi?" Nikamwambia utajua ukikua.

Hilo jibu limenisumbua, juu nilikuwa nimetoka kusoma kuhusu Shirley Temple. Kama humjui, pengine hata shosho yako hamjui. Alianza filamu Hollywood akiwa na miaka mitatu tu. Katika zile za kwanza, mtoto akisumbua alifungiwa kwenye sanduku jeusi lenye bonge la barafu mpaka atulie. Ni yeye mwenyewe alisimulia akiwa mtu mzima. Studio nayo ikampunguzia umri mwaka mmoja ili abaki katoto. Kutoka 1935 mpaka 1938, miaka minne mfululizo, alikuwa nambari moja kwa kuvuta watu sinema Marekani. Si kati ya watoto, kati ya waigizaji wote. Clark Gable na ule umaarufu wake wote alikuwa nyuma ya msichana wa miaka kumi hivi.

Akiwa na miaka 22, akauliza pesa ziko wapi. Alikuwa ameingiza zaidi ya dola milioni 3. Zilizobaki zilikuwa kama 44,000. Babake ndiye alikuwa akizishika.

Na California ilikuwa na sheria tayari! Ilipitishwa 1939, baada ya Jackie Coogan, yule kijana aliyeigiza na Chaplin, kukua na kukuta mamake na baba wa kambo wamemaliza mali yake. Lakini ilikuwa na mianya mingi. Ni mwaka 2000 ndipo ikasema wazi kwamba pesa ya mtoto ni ya mtoto, na asilimia 15 iwekwe kando.

Najua kuna mtu anaandika saa hii: "Kwani huyo mtoto anakula kwa nani?" Boss, chakula na karo ni deni la mzazi hata kama mtoto hajui kuigiza chochote. Huwezi kumlipisha mtoto ugali. Mwingine ataniambia Shirley alitoboa, mpaka akawa balozi Ghana mwaka 1974. Poa, lakini hiyo haimrudishii pesa yake.

Na siongei nikiwa nimeshiba. Niliacha chuo, hii kazi ndiyo inalipa kodi ya nyumba. Kule Illinois, tangu Julai 2024, mtoto anayetokea mara nyingi kwa vidio za familia zenye kulipa lazima awekewe fungu lake. Mimi hapa hakuna mtu amewahi kuniuliza, isipokuwa yeye na smokie yake.

Jumatatu mathe anampeleka benki kumfungulia akaunti. Mimi nimesema asilimia 30. Yeye anataka nusu, na amegoma: bila nusu, shosho hapigi simu tena. Mathe ako upande wake.