Uvimbe wa ubongo kwa watoto: Jina moja, magonjwa manne

Ukisikia mtafiti wa shahada ya uzamivu anachunguza vinasaba vya uvimbe wa ubongo na uti wa mgongo wa watoto, usidhani hayakuhusu. Meduloblastoma, saratani ya sehemu ya nyuma ya ubongo, kwa hadubini ilionekana ugonjwa mmoja; mwaka 2012 wataalamu waliafikiana kuwa ina makundi makuu manne. Watoto wa kundi la WNT ndio hupona zaidi, hivyo yapo majaribio ya kuwapunguzia mionzi, ambayo hudhuru uwezo wa kujifunza. Mwanao akifanyiwa upasuaji, muulize daktari: sampuli imehifadhiwa? Kipimo cha vinasaba kinafanyika wapi? Sampuli ikitupwa, ni vigumu faida ya utafiti huo kumfikia.