Kabla hujamnunua 'kupe' wa milango miwili

Bila shaka umewahi kuliona. Umesimama stejini ukingoja matatu, mara linapita taratibu gari jeusi la milango miwili, vioo vyote vimeteremshwa, hakuna nguzo katikati, na aliye ndani hana haraka ya kwenda popote. Moyo ukakuambia: ipo siku. Wenye magari huliita coupé, na sisi tukilitamka linakuwa kupe. Kama ni sadfa au la, utaamua mwenyewe.

Shemeji yangu, mume wa dadangu mkubwa, siku yake ilikaribia mwezi uliopita. Alikuwa ametajiwa bei ya Mercedes-Benz CLK 200 Kompressor ya mwaka 2005, na bei yenyewe ilikuwa chini ya ile aliyoambiwa ya Toyota Axio. Pesa alikuwa nazo, mkopo wa sacco, sehemu yake ikiwa imetengewa karo ya kifungua mimba wao anayeingia Gredi ya 10 Januari. "Gari la Mjerumani kwa bei ya Mjapani," akawa anatuambia. Dadangu hakusema neno isipokuwa kuuliza: "Baba Amani, sisi ni watano. Hilo lina viti vingapi?" Lina vinne.

Viti si hoja kubwa. Hesabu ya watu wengi hupotoka kwingine. Bei ya gari la kifahari huporomoka kila mwaka, lakini bei ya spea zake haiporomoki nayo. Gari ulilolinunua kwa bei ya Axio litakwenda gereji kwa bei ya Mercedes. Kumbuka pia kwamba CLK ya aina hiyo ilitengenezwa kati ya mwaka 2002 na 2009, na sheria yetu hairuhusu kuagiza gari kuukuu lililozidi miaka minane. Kwa hivyo hakuna CLK "iliyofika kutoka Japani juzi". Kila moja unayouziwa Nairobi leo imeonja mashimo na matuta yetu kwa miaka. Usidanganyike na namba. Hiyo inakuonyesha tu gari lilisajiliwa hapa lini. Mwaka wa kutengenezwa usome kwenye logibuku.

Anza na injini, maana hapo ndipo pesa nyingi huzikwa. Injini ya hiyo Kompressor, ya lita 1.8, ina ugonjwa unaojulikana na mafundi: cheni ya taiming hulegea, na meno ya magurudumu inayoyazungusha juu ya injini hulika. Cheni ikiruka meno, vali hugongana na pistoni, na hapo huendi tena kutafuta spea Kirinyaga Road, unatafuta injini nzima. Dalili husikika injini ikiwa baridi. Ukiiwasha asubuhi inatoa mkwaruzo kama wa sarafu ndani ya kopo, sekunde chache tu, kisha inanyamaza. Ikishapata joto inaweza kukudanganya siku nzima. Basi mwambie mwenye gari asiliwashe kabla hujafika, na ukifika, weka kiganja juu ya boneti hata kabla ya kumaliza salamu.

Halafu kuna oili katika nyaya. Juu ya injini kuna sumaku ndogo na sensa za kamshafti ambazo huvuja. Oili huingia kwenye soketi, ikatambaa ndani ya waya pole pole kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, mpaka ikafika kwenye kompyuta ya injini. Giaboksi nayo ina ugonjwa uo huo kwenye soketi yake. Siku hiyo gari hukwama katika gia moja, aghalabu ya pili, nawe unajikokota barabara ya Thika huku matatu zikikupigia honi. La kuudhi ni kwamba soketi hizo ni vitu vya bei nafuu. Kompyuta sivyo. Mwombe fundi azichomoe mbele yako, azifute kwa kitambaa cheupe, mtazame pamoja. Muulize muuzaji pia oili ya giaboksi ilibadilishwa lini. Akikujibu kwamba ile ni ya maisha, jua haijawahi kubadilishwa.

Vioo vya milango havina fremu: mlango ukifunguliwa kioo hushuka kidogo, ukifungwa hupanda. Jaribu mara tano kila upande, kwani mota ikichoka, mvua ya Aprili mnakaa nayo ndani. Ukiwa hapo, inua boneti utazame chini ya kioo cha mbele. Majani na maua ya jakaranda huziba vijitundu vya kutolea maji, na maji yakikosa njia yanaweza kufikia masanduku ya umeme. Bushi na boljointi sizungumzii sana. Kwa barabara zetu, chukulia kwamba zimekwisha na udai upunguziwe bei.

Sisemi usinunue. Aliye na gari jingine la kazi, na akiba ya spea ambayo si karo ya mtu, atalifurahia.

Jumamosi tuliongozana mimi, shemeji na fundi wake wa Industrial Area hadi kwa muuzaji, saa moja kamili asubuhi. Gari liling'aa, limepigwa polishi hadi matairi. Nikaweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa na joto. Mwenyewe akasema alikuwa ametoka kidogo kununua maziwa. Hapana neno, tukamwambia, tutarudi kesho saa kumi na mbili unusu.

Jumapili tulirudi. Boneti ilikuwa na joto tena. Shemeji, ambaye njia nzima alikuwa akinisifia ngozi ya viti, alimtazama yule bwana kwa muda, kisha akamuuliza kwa upole kama maziwa ya jana yaliisha.