Kuzuru si Kudai

Kidichi iko mashambani, juu ya Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja. Hapo ndipo Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alipojenga hamamu mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi, Shehrazad, mjukuu wa Fath Ali Shah, mfalme wa Uajemi. Kuta zake za ndani zina nakshi za chokaa, maua na tausi, kazi ya Kiajemi isiyofanana hata kidogo na kuta tupu walizozipenda Waibadhi wa Oman. Shehrazad hakupata mtoto na Seyyid. Wakaachana, akarudi kwao. Jengo likabaki bila ukoo wa kulirithi. Leo wanaolizunguka ni wakulima wa karafuu na viungo vingine, na Muajemi, Muomani au mtu yeyote anayetaka kuliona huingia bila kuulizwa babu yake alikuwa nani. Serikali ya Iran haidai kitu hapo, wala hakuna Mzanzibari anayehofia kwamba mgeni akiingia ardhi itapotea.

Makala hii inahusu mahali ambapo hofu hiyo ipo. Katika bonde la Neelum, sehemu ya Kashmir iliyo chini ya Pakistan, kuna gofu la mawe la hekalu la Sharada, mungu wa kike wa elimu kwa Wahindu. Al-Biruni, mwanachuoni Muislamu wa karne ya 11, aliandika habari za mahali hapo, na maandishi ya kale ya Kashmir yanaitwa kwa jina la Sharada. Tangu mwaka 1947 Wapandit, Wahindu wa Kashmir, ambao wazee wao walikuwa wakienda huko kuhiji, wamezuiwa na mstari wa kusimamisha vita unaopita kilomita chache kutoka hapo. Machi 2023 lilifunguliwa hekalu jipya la Sharada huko Teetwal, upande wa India, kwenye ukingo wa mto uleule. Miaka 76 baada ya njia kufungwa, watu wanajenga mlangoni kwa sababu ndani hawafiki. Anayedhani kwamba hamu ya kuzuru huisha ikinyimwa muda mrefu na autazame ukingo huo.

Hoja yetu ni kwamba haki ya kuzuru mahali patakatifu ni jambo mbali na haki ya kuitawala ardhi yake. Serikali mbili zinaweza kuendelea kubishana juu ya mpaka kwa miaka mia, na bado zikawaacha watu wapite, waombe, warudi. Hili limeshafanyika, tena kati ya nchi hizohizo mbili. Novemba 2019 India na Pakistan zilifungua njia ya Kartarpur, ili Masingasinga wa India wafike bila viza pale Guru Nanak alipoishi miaka yake ya mwisho. Kabla ya hapo walikuwa wakisimama upande wao na kulitazama jengo kwa darubini. Kwa utaratibu wa njia hiyo, mwenye kuzuru huenda asubuhi na kurudi siku hiyohiyo, na hakuna nchi iliyotakiwa kuacha dai lake lolote kwanza.

Kuna pingamizi nzito, na tusiipite juujuu. Wanaosimamia usalama husema kwamba ziara ni dai lililovaa kanzu: leo anakuja kuomba, kesho anakuja na bendera. Wana ushahidi. Hekalu la Preah Vihear, lililojengwa na Wakhmer kwa ajili ya Shiva, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 1962 kwamba ni la Kambodia. Lilipoandikishwa UNESCO mwaka 2008 askari wa Thailand na Kambodia wakapigana kwa miaka kuligombania eneo linalolizunguka. Februari 2025, katika hekalu jingine la mpakani, Ta Muen Thom, Wakambodia waliokwenda na askari wao waliimba wimbo wao wa taifa, wanajeshi wa Thailand wakawazuia. Julai mwaka huohuo mizinga ikalia. Hata Kartarpur, India iliifunga njia Mei 2025 mapigano na Pakistan yalipozuka.

Lakini tazama kilichowasha moto katika visa hivyo vya Kambodia na Thailand. Haikuwa sala. Ilikuwa ni bendera, wimbo wa taifa, askari, na orodha ya urithi iliyosomwa kama hati ya shamba. Dawa yake ni masharti: asiingie askari, isipandishwe bendera, mzuru arudi siku ileile. Njia inayofungwa wakati wa vita inaweza kufunguliwa vita vikiisha, kwa kuwa utaratibu wake umeshaandikwa. Njia ambayo haikuwahi kuwapo haina cha kufunguliwa.

Msomaji wa hapa Unguja anaweza kusema kwamba Kidichi si mfano wa haki, kwani hamamu haina waumini, na tena imejengwa kwa utajiri wa mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. La pili ni kweli, na lina uzito kuliko nakshi zote za tausi. Waliochuma karafuu hizo wana wajukuu, na wajukuu hao wana haki ya kuzuru Kidichi kwa huzuni kama wengine wanavyozuru kwa kustaajabu. Mahali pamoja panaweza kuwapokea wote wawili bila mmoja kumfuta mwingine.

La kwanza, kwamba hamamu haina waumini, linaturudisha nyumbani, kwenye mahali palipo na waumini wake. Mwaka ule wa 1850 forodha ya Unguja ilikuwa mikononi mwa Jairam Sewji, Mhindu wa Kutch, akimtumikia mtawala Muislamu, na karafuu za Seyyid zilipita kwake. Watu wa dini yake bado wanasali Hurumzi, katika Mji Mkongwe. Waparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, hawana bahati hiyo: baada ya Mapinduzi ya 1964 wengi wao waliondoka, na nyumba yao ya ibada nje ya Mji Mkongwe imebaki gofu. Waarabu na Wahindi waliokimbia mwaka huo waliacha makaburi, na watoto wao wako Muscat, Dubai na London. Hapa nasi tuna hofu yetu, kwamba anayerudi kumsomea babu yake Fatiha anarudi pia kudai nyumba. Basi masharti tunayoyapendekeza kwa Kashmir tuyakubali kwetu. Mamlaka zinazosimamia mambo ya kale ziandike orodha ya misikiti, mahekalu na makaburi yasiyo na wenyewe, Unguja na Pemba; ziseme wazi kwamba ziara haizai hati ya umiliki; na kila mahali pawe na mtu wa jirani anayejulikana kuwa ndiye mwenye ufunguo.