Senti Yenye Ila

Mtu akikuuzia senti ya Marekani yenye ila, akidai ni kosa la kiwandani lenye thamani kubwa, usiharakishe kutoa jasho lako. Senti zilizotolewa tangu 1983 ni zinki iliyopakwa shaba nyembamba. Malengelenge juu yake ni jambo la kawaida.

Chukua kioo cha kukuzia. Katika baadhi ya senti za 1955 muhuri wenyewe ulikuwa na chapa mbili, hivyo maandishi yakatokea mawili, yote yameinuka. Jeraha la baadaye hukwaruza, hubonyeza, na kusukuma shaba pembeni. Asidi nayo hula shaba na kufifisha maandishi.

Kosa la kweli huzaliwa pamoja na sarafu. Jeraha huipata njiani. Basi jiulize kwanza: mtambo ungewezaje kulifanya hili?