Mwanafunzi Mtu Mzima na Mlango wa Chuo Kikuu

Wahenga walinena kwamba elimu haina mwisho. Msemo huu hukaririwa katika mahafali, huandikwa kwenye kuta za madarasa na hupamba hotuba za viongozi. Hata hivyo, mtu mzima anapouchukulia kwa uzito wake, akavifungua tena vitabu alivyovifunga miaka kumi na mitano iliyopita kwa nia ya kujiunga na chuo kikuu, hugundua upesi kwamba jamii iliyomfunza msemo huo haikumtengenezea njia ya kuufuata.

Mnamo Januari 2004, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa karo katika shule za msingi, Kimani Maruge alijiandikisha katika darasa la kwanza katika Shule ya Msingi ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Mwaka uliofuata alisafiri hadi New York kuutetea mbele ya Umoja wa Mataifa mradi wa elimu ya bure. Aliaga dunia mwaka 2009, na sifa alizomiminiwa alizistahili. Hata hivyo, sifa hizo ziliacha athari moja isiyo njema: taifa lilizoea kumtazama mwanafunzi mtu mzima kama kioja cha kupendeza. Matokeo ya KCSE yanapotangazwa, hutafutwa babu au nyanya aliyeufanya mtihani, akapigwa picha, watu wakatabasamu, habari ikaishia hapo. Kioja hupigiwa makofi, hakitengewi bajeti.

Ukweli ni kwamba wengi wa wanaorudi masomoni si babu wala nyanya. Ni mama mwenye kibanda cha mboga aliyeacha shule katika kidato cha pili kwa kukosa karo, kabla ya ruzuku ya masomo ya sekondari kuanzishwa mwaka 2008. Ni bawabu anayelinda lango usiku na kusoma mchana. Ni mwalimu wa chekechea aliyepata alama ya D+ akiwa na umri wa miaka kumi na minane, na ambaye tangu hapo amewafunza kusoma watoto waliomtangulia kuingia chuoni. Hawa hawatafuti makofi. Wanataka alama ya C+ kwa kuwa ndiyo inayoufungua mlango wa shahada.

Mtu kama huyo akifuata njia iliyopo, huingia katika KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi. Ili apate alama ya wastani, hana budi kuyafanya masomo yasiyopungua saba. Hutakiwa kutafuta kituo kitakachokubali kumsajili, alipe ada ya mtihani kutoka mfukoni mwake na, akichagua sayansi, atafute maabara ya kufanyia majaribio. Hata Kiswahili, ambacho wengi hudhani ni mteremko kwa mtu mzima, kina mitego yake. Hutahiniwa katika karatasi tatu: insha, lugha na fasihi. Aliyetoka shuleni mwaka 2015 aliisoma riwaya ya Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na kufikia mwaka 2023 ingelimbidi aanze upya na Nguu za Jadi ya Clara Momanyi. Mwanafunzi wa shule humpata mwalimu wa kumchambulia wahusika na maudhui kila juma. Mtu mzima huisoma riwaya hiyo kwenye matatu, akitoka kazini, huku kichwani akihesabu kodi ya nyumba.

Pamoja na uzito huo upo uzito wa aibu. Madarasa ya watu wazima huitwa ngumbaru, na mitaani neno hilo aghalabu hutamkwa kwa kicheko. Kwa sababu hiyo, wengi huficha madaftari yao na husingizia safari au mkutano wa kanisa. Jamii inayomcheka mjinga kwa ujinga wake, kisha ikamcheka tena anapoutafutia dawa, haina haki ya kulalamika kwamba watu wake hawapendi kusoma.

Wapo watakaodai kwamba kumfungulia mtu mzima njia nyingine ni kushusha viwango vya vyuo vikuu. Hoja hii isipuuzwe, kwani shahada isiyo na thamani humdhulumu kwanza yule aliyeihangaikia. Lakini njia nyingine si lazima iwe njia rahisi. Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kimekuwa na utaratibu wa kuwapokea watu wazima wenye umri wa miaka 25 na zaidi kwa mtihani maalumu. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kimekuwa na kozi ya maandalizi kwa wasiotimiza masharti ya kuingia moja kwa moja. Katika hali zote mbili mtu hupimwa. Tofauti ni kwamba hupimwa jinsi alivyo leo. Nchini Kenya, ngazi ya cheti na stashahada ipo na imewainua wengi, lakini ni ndefu, na aghalabu nayo huanza kwa kuuliza alama za KCSE.

Sheria nayo haiko kimya. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya elimu. Hakikusema kila kijana. Sheria ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Kielimu ya mwaka 2014 ilifungua nafasi ya kuutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya darasa. Misingi basi imekwisha kuwekwa, na kinachohitajika ni nyumba yenyewe.

Nyumba hiyo inahitajika sasa, kwa kuwa wakati haumngoji mtu. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, unaelekea ukingoni. Wanafunzi wake wa mwisho waliingia kidato cha kwanza mwaka 2024, na wanatazamiwa kuufanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake hutegemea pia tathmini zinazofanywa shuleni hatua kwa hatua, chini ya macho ya mwalimu. Mama wa kibanda cha mboga hana mwalimu wa kumjazia tathmini hizo. Mwenye mlango mmoja mwembamba akiuziba kabla ya kufungua mwingine, huwa amewafungia watu nje, hata kama hakukusudia.

Wizara ya Elimu na vyuo vikuu vya umma havina budi kukubaliana juu ya mtihani wa kuwapokea watu wazima, utanguliwe na mwaka mmoja wa maandalizi katika lugha, hisabati na stadi za kusoma, kwa masomo ya jioni na ya Jumamosi. Lakini wanafunzi wa Kiswahili wasikae wakingoja wizara. Chama chenye wanachama wanaoijua fasihi na sarufi kinaweza kutenga saa mbili kila Jumamosi kuwafundisha wazazi wa mitaa iliyo jirani na chuo insha na vitabu teule. Gharama yake ni chaki na moyo. Aidha, mwenye nywele za mvi anapoketi katika ukumbi wa mihadhara, asipigwe jicho la "huyu naye anatafuta nini?" Anatafuta kile kile walichokuja kutafuta vijana, ila yeye amekilipia mara mbili.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi yuko tayari, na chuma ki motoni. Kilichobaki ni wenye karakana kumfungulia mlango.